Siku mbili Kariakoo, nikimtafutia mtoto wa dada kompyuta

Ukishuka mwendokasi pale Msimbazi Polisi saa tatu asubuhi, hujavuka barabara umeshaulizwa unatafuta nini. "Simu, mama? Laptopu? TV? Njoo nikupeleke kwa bei ya jumla." Hawa ndio mawinga. Winga hana duka wala mzigo. Anachojua ni nani ana nini na yuko ghorofa ya ngapi, na riziki yake ni kile anachoongeza juu ya bei ya mwenye duka. Sina ugomvi nao. Wengi ni vijana waliomaliza shule wakakosa mtaji, na kama hujui kitu kinapatikana wapi, winga atakuokolea saa nzima ya kupanda na kushuka ngazi. Ila mimi siku hiyo nilikuwa na fedha ya mtu mwingine, na kila elfu 20 ya winga ingetoka kwenye kitu fulani ndani ya kompyuta.

Fedha ilikuwa ya dada yangu, shilingi 900,000. Dada ni fundi cherehani Songea. Ameikopa kwenye kikoba chao na anatakiwa kuirudisha ndani ya miezi sita pamoja na riba. Mwanaye wa pili ana miaka 21, na kwa mwaka mzima amekuwa akifanya kazi katika steshenari ya mtu mjini hapo: kadi za harusi, vipeperushi, mabango ya duka, na jioni anaunganisha video za sendoff na kipaimara. Kompyuta ni ya mwenye steshenari, na mwenye steshenari anahamia Njombe mwisho wa mwezi. Wateja wanamjua kijana, namba yake ndiyo wanayopiga. Asipokuwa na mashine yake, wateja hao watakwenda kwingine ndani ya wiki mbili, na mkopo utabaki pale pale. Hapo ndipo mimi, mama mdogo wa Dar es Salaam, nilipoingia. Nafundisha kompyuta sekondari na ndiye ninayezitunza mashine 20 za mtumba za maabara yetu, kwa hiyo kwenye ukoo nimeshakuwa "mtu wa kompyuta".

Kijana alinitumia orodha kwenye WhatsApp. Keisi ya kioo yenye taa za rangi, kadi ya grafiki aina ya RTX, prosesa mpya, RAM zenye taa nazo, feni sita. Ilikuwa imetoka kwenye video ya YouTube ya kijana wa Marekani, bei zimeandikwa kwa dola. Ukigeuza dola hizo kuwa shilingi unapata namba fulani, lakini hiyo siyo bei ya Kariakoo. Kabla kadi ile haijafika kabatini kwa muuzaji wetu imelipiwa usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, na kila mkono uliopitia umechukua chake. Nilipiga hesabu ya haraka kwa bei ninazozijua: orodha ile ingekula zaidi ya milioni mbili, bila kioo cha kutazamia.

Sikumjibu kwa kumkatalia. Nilimpigia nikamuuliza maswali, na ningemshauri mzazi yeyote anayetaka kumnunulia mtoto kompyuta aanze na maswali hayo hayo kabla ya kutaja bei. Unatumia programu gani? Photoshop na CorelDRAW kwa kadi na mabango, CapCut kwa video. Video zinapigwa na nini? Simu. Kazi kubwa kuliko zote uliyowahi kufanya ni ipi? Video ya harusi ya saa mbili. Pale steshenari ni nini kinachokukwamisha? Hapo alifunguka: mashine inachukua dakika tano kuwaka, na akifungua bango kubwa pamoja na kivinjari, kila kitu kinaganda. Mwisho nikamuuliza itakaa wapi. Kwenye chumba cha mama cha kushonea, karibu na dirisha.

Hakuna jibu hata moja lililodai taa za rangi. Kuganda kwa mabango ni njaa ya RAM. Kuchelewa kuwaka ni hadi diski ya zamani ile ya sahani inayozunguka. Nilimwambia, "Mwanangu, keisi ya kioo haimtengenezei mteja kadi." Akacheka, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kadi ya grafiki inaweza kuja baadaye. Swali hilo lilikuwa la maana kuliko orodha nzima, na nililibeba hadi Kariakoo.

Kwa wasiotoka Dar, Kariakoo si mtaa mmoja. Ni mitaa mingi iliyosukwa kama mkeka, Msimbazi upande mmoja, Uhuru, Kongo, Aggrey, Sikukuu, Likoma, Mchikichi, na katikati soko kuu lenye paa la miavuli ya zege alilolisanifu Beda Amuli miaka ya 1970, lile lililoungua Julai 2021. Jina lenyewe ni la vita. Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi kwa miguu, na mahali kambi yao ilipokuwa wenyeji wakapaita Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, chanzo ni hicho hicho. Hadi leo ni mahali pa kubeba. Ukisimama dakika mbili utapishwa na mkokoteni, guta, na kijana mwenye marobota mabegani anayepaza sauti "mzigo, mzigo", na usiposogea atakusogeza.

Zamani duka la Kariakoo lilikuwa mlango unaotazama barabara. Sasa limekwenda juu. Chini kuna nguo na vyombo, ghorofa ya kwanza simu na vioo vyake, na kompyuta nyingi utazikuta juu zaidi, kwenye vyumba vidogo ambavyo kodi yake ni nafuu kidogo. Tangu lile jengo liporomoke Novemba 2024, nami ni miongoni mwa wanaotazama kuta kabla ya kupanda. Nilipanda.

Duka la kwanza lilikuwa la vipuri vipya. Nilikwenda na mwanangu wa kiume, ana miaka 16, anibebee mzigo. Muuzaji alimsalimia yeye: "Karibu kaka, unajenga mashine ya gemu?" Mwanangu akanionyesha kwa kidole. Kijana yule alikuwa mstaarabu, alisahihisha mara moja, "Shikamoo mama, samahani," na toka hapo tulielewana vizuri. Nilimwomba anipigie hesabu ya mashine ya kujengwa kuanzia sifuri lakini ya kawaida kabisa: prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki zake ndani na haidai kadi; madabodi ya bei ya chini inayoipokea; RAM gigabaiti 16; SSD ya gigabaiti 512; keisi na pawa saplai. Kwa bei ya mwisho aliyonipa, baada ya kupatana hadi akaniambia "mama sasa unanifukuza kazi", ilifika 1,010,000. Bila kioo, kibodi wala UPS.

Hiyo ingekuwa mashine nzuri. Kila kitu kipya, chenye dhamana, na sehemu yoyote ikifa unabadilisha hiyo moja tu. Kama dada angekuwa na milioni moja na nusu ningeinunua hapo hapo. Niliinama kwenye kabati nikainyanyua pawa saplai aliyoiweka kwenye hesabu. Ilikuwa nyepesi kama pakiti ya biskuti, na ubavuni imeandikwa wati 500. Pawa saplai ya kweli ina uzito, kwa sababu ndani kuna koili na vipande vya chuma vya kupunguza joto. Watu hubana matumizi kwenye kifaa hiki kwa kuwa hakionekani, nacho ndicho kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vingine vyote. Kikifa vibaya, kinaweza kuondoka na madabodi. Nilimshukuru kijana, nikamwambia nitarudi, na nilimaanisha.

Njia ya pili ni kompyuta za ofisi za mtumba. Ofisi kubwa za ng'ambo hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na zilizotolewa huuzwa kwa makontena. Nyingi hupitia Dubai, zinapanguswa, zinafika kwetu. HP, Dell, Lenovo. Hazina sura. Ni makasha meusi au ya kijivu ambayo mtoto hatampigia picha rafiki yake. Lakini zilitengenezwa ziwake saa tisa kwa siku kwa miaka, na ndani yake pawa saplai ni ya maana.

Duka nililolichagua lilikuwa na mashine zimepangwa ukutani hadi dari, kama matofali. Mwenyewe, mzee wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa akinywa kahawa. "Karibu mama. Mtoto anasoma au anafanya kazi?" Nikampenda kwa swali hilo.

Ndani ya duka la namna hii kuna kitu kimoja kinachowapoteza wazazi wengi: kibandiko kinachosema i5 au i7. Wanadhani saba ni kubwa kuliko tano, basi wanalipia zaidi. Cha kutazama ni namba inayofuata. Prosesa ya Intel iliyoandikwa i7-2600 ni ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, ina viini vinne. Iliyoandikwa i5-8500 ni ya kizazi cha nane, ya 2018, ina viini sita, na inaiacha ile i7 mbali. Tarakimu ya mwanzo baada ya kistari ndiyo kizazi, na zikiwa tano, kama 10400, basi mbili za mwanzo. Kizazi cha nane kina umuhimu wa pekee, kwa sababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel. Mashine za kizazi cha nne bado zimejaa Kariakoo kwa bei ya kuvutia. Kwa kuandika barua na kusoma zinafaa, hata mimi ninazo maabara. Kwa kijana anayekwenda kuingiza fedha kwa mashine hiyo miaka minne ijayo, nisingeitoa fedha ya kikoba.

Na kuna herufi ya mwisho. Prosesa ya mezani ya Intel yenye F mwishoni, kama i5-9400F, haina grafiki ndani. Ukiinunua bila kadi, utafika nyumbani, utachomeka, feni itazunguka, na kioo kitabaki cheusi. Si mbovu; haina tu cha kuonyeshea. Kwa jirani wa dada, kioo cheusi maana yake ni "mmeuziwa kopo".

Baada ya hapo likaja suala la umbo. Mashine hizi huja kwa maumbo matatu: mnara mrefu, ile nyembamba ya kulala, na kidude kidogo kinachotosha kiganjani. Bei zao hukaribiana, na mwanangu alivutiwa na kile kidogo. Ni kizuri kwa kaunta ya duka la dawa. Lakini kinatumia RAM za laptopu, hakina pa kuweka kadi ya grafiki, na kikipata joto hakina nafasi ya kupumua. Ile nyembamba inapokea kadi, ila fupi tu, ambazo ni chache na ghali. Mnara ndio uliojibu lile swali la Songea. Nafasi ya kadi kwenye madabodi hutoa hadi wati 75, na kuna kadi, kama baadhi ya GTX 1650, zinazoridhika na hizo bila waya wa ziada. Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, inaweza kuja baadaye. Mnara wa HP, i5-8500, ndio niliouchagua. Grafiki zilizo ndani ya prosesa hiyo zenyewe zina sehemu maalumu ya kusoma na kuandika video za simu, kwa hiyo hata harusi ya saa mbili itapita, taratibu kidogo.

Sasa mzee akaiweka mezani, na mimi nikaanza kumchosha. Nilimwomba afungue ubavu. Nilinusa, harufu ya kuungua haifichiki. Nilitazama vile vikopo vidogo vya madabodi kama kuna kilichovimba kichwa. Tukaiwasha, na kabla Windows haijapanda nikaingia BIOS, kwa sababu mashine za ofisi wakati mwingine huja na nywila ya mwajiri wa zamani, na ikishakuwa nayo hutabadilisha chochote. Hii haikuwa nayo. Humo ndani nililinganisha prosesa na kibandiko cha nje: vilikubaliana. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Hiyo ni betri ya kitufe, CR2032, imekwisha. Bei yake ni ya soda mbili tatu, lakini isipobadilishwa tarehe inakosea kila umeme ukikatika, na tarehe ikikosea tovuti nyingi hazifunguki. Mzee akabadilisha bila kunitoza. Nilichomeka fleshi kwenye kila tundu, mbele na nyuma. Kisha nikamwomba tuiache icheze video kwa nusu saa huku nikisikiliza feni.

Nusu saa Kariakoo ni ndefu. Mzee aliagiza kahawa nyingine, akaniambia kuwa wateja wake wagumu ni wazazi, maana wanafunzi huja na jina la mashine na wazazi huja na hofu. Nilimwambia mimi nimekuja na vyote viwili. Mwanangu alikuwa ameshaegemea ukuta, amelala wima.

Ilikuwa na kipande kimoja cha RAM cha gigabaiti 8 na hadi diski ya zamani ya gigabaiti 500. Bei aliyotaja ni 480,000. Nikamwambia hadi diski abaki nayo. Tukakubaliana 455,000. Wazazi wengi hukubali diski iliyomo kwa kuwa "ni ya bure", lakini diski ya zamani ndiyo inayobeba kazi zote za mtoto na ndiyo ya kwanza kufa. Nilinunua SSD mpya ya gigabaiti 512 kwa 105,000 kwenye duka lile la kwanza, kama nilivyoahidi kurudi, na mwenye duka akaichomeka mbele yangu tuone kama ujazo ni wa kweli. Usichukue SSD wala fleshi ya ujazo mkubwa kwa bei ya kuchekesha barabarani. Zipo zinazodanganya kompyuta kuwa zina nafasi, unaandika picha 1,000 na unazikuta 200.

RAM ya pili ya gigabaiti 8 ilikuwa 65,000. Ningeweza kuuza ile ya kwanza na kununua kipande kimoja cha 16, lakini vipande viwili vinavyofanana husoma kwa pamoja, na kwenye mashine isiyo na kadi ya grafiki jambo hilo linaonekana kwa macho. Nilihakikisha ni DDR4. DDR3 ina mkato sehemu nyingine, haiingii, na wapo wanaolazimisha hadi wakavunja.

Hayo yote ni siku ya kwanza. Nilirudi Kimara na mnara mapajani ndani ya mwendokasi, abiria mmoja akiniuliza kama nimehama ofisi.

Siku ya pili nilikwenda peke yangu, kwa ajili ya kioo na umeme. Kioo cha mtumba cha inchi 22 nilikipata kwa 115,000. Nilikichagua kwa kusimama ubavuni. Vioo vingine ukivitazama kutoka pembeni rangi zinageuka, nyekundu inakuwa ya machungwa. Kwa mhasibu si kitu. Kwa kijana anayechapa kadi ya harusi ambayo mama wa bibi harusi ameagiza rangi ya damu ya mzee, kioo kinachodanganya ni hasara ya karatasi. Niliweka picha nyeupe tupu kuona kama kuna nukta zilizokufa, kisha nyeusi tupu kuona kama mwanga unavuja pembeni.

UPS ilinigharimu 120,000, na hapa ndipo dada aliponipigia. "Mdogo wangu, hicho kidude kinafanya nini hasa? Si ungeongezea kwenye kompyuta?" Swali lake ni la haki. Fedha ni yake. Nilimweleza kuwa umeme wetu ni volti 230 kwa maandishi, lakini yeye mwenyewe ameshaona taa ya chumba cha kushonea ikififia anapochomeka pasi. Pasi inavuta wati zaidi ya 1,000 kwa mkupuo. Kompyuta yote na kioo chake haifiki 150 kwa kazi za kawaida. Umeme ukikatika mtoto yuko katikati ya video ya mtu, UPS ya VA 650 inampa dakika kadhaa za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Haitamwezesha kuendelea na kazi. Wauzaji wanaosema hivyo wanakosea. "Basi," akasema dada, "na hiyo pasi nifanyeje?" Nikamwambia pasi itafute soketi nyingine, isikae ekstensheni moja na kompyuta. Akanyamaza kidogo. Chumba kile kina soketi moja. Fundi wa umeme atakuja Jumamosi, alisema, na hiyo atailipa kwa suruali mbili.

Kibodi na kipanya, 20,000. Nimebaki na 20,000 ya basi.

Risiti nilidai kila duka, za EFD, na kwa mzee wa mtumba nikamwomba aandike namba ya mashine iliyoko nyuma ya keisi na siku za dhamana. Aliandika mwezi mmoja. Kuna duka lingine, silitaji, liliniambia dhamana yao "ni hadi mlangoni", na wakacheka. Sikununua kitu kwao. Mtu wa Songea hawezi kurudi Kariakoo kwa ajili ya waya, lakini mimi ninaweza, na karatasi ile ndiyo itakayoniongelea.

Usiku ule tuliunganisha kila kitu sebuleni. Niliweka Windows 11, nikasafisha vumbi, nikabadilisha ile dawa ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na chuma chake cha kupoza, maana baada ya miaka inakauka kama udongo. Mashine iliwaka ndani ya sekunde kumi na kitu. Nilirekodi nikamtumia kijana. Alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mama mdogo, shikamoo. Hiyo ni kweli au umekata video?"

Barabara ya Songea ni kilomita zipatazo 950. Kuna matuta ya Mikumi, kuna kona za mlima Kitonga, kisha Iringa, Makambako, unakata kushoto kwenda Njombe, na kuendelea. Buti la basi halijui kilichomo kwenye boksi. Kama mashine ingekuwa na kadi nzito ya grafiki ningeitoa na kuifunga peke yake, kwa sababu mtikisiko wa siku nzima unaweza kuivunja pale inapojishika. Hii ilikuwa nyepesi. Niliziba nafasi ya ndani kwa sponji isiyogusa feni, nikaifunga kwa blanketi la zamani, boksi ndani ya boksi. Kioo nilikifunga uso kwa uso na kipande cha plaiwudi. Nikaandika pande zote nne kwa kalamu nene: KIOO, USILALIE.

Stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na moja alfajiri, mpokea mizigo aliitazama boksi, akanitazama, akaniuliza kama ni TV. Nikamwambia ni ofisi ya mtu. Aliiweka juu ya magunia, si chini yake, akanitajia 20,000, nikampa, akanikatia karatasi.

Ilifika usiku. Kijana aliipokea kwa bodaboda mbili, moja ya mnara na nyingine ya kioo, na dada akiwa nyuma ya ile ya kioo amekikumbatia. Sikulala hadi waliponipigia kuwa imewaka. Tangu hapo tunaongea kwa simu za jioni, na mengi ni ya chumba kile. Nyuzi za vitambaa huruka na kuvutwa na feni, zinajikunja ndani kama pamba ya mto, kwa hiyo mnara umewekwa juu ya stuli badala ya sakafuni, na kila Jumapili kijana anaufungua na kupuliza kwa brashi laini ikiwa imechomolewa. Dirisha amelihamia upande wa pili, jua lilikuwa linapiga kioo. Fundi wa umeme alikuja, suruali mbili zimeshonwa, pasi ina soketi yake.

Wiki ya kwanza alichapa kadi za harusi mbili na bango la saluni. Mwenye steshenari amehamia Njombe kama alivyosema. Kijana ameanza daftari, upande mmoja rejesho la kikoba, upande mwingine kadi ya grafiki, na kwa hesabu zake mwenyewe kadi inasubiri hadi mwezi wa saba.